Kisimamiwa, Jina na Namba: Jinsi Itifaki za Usimamizi wa Mitandao Zinavyopanga na Kutambulisha Vitu Vyake

1. Utangulizi

Mtafsiri anayekabidhiwa hati ya mitambo ya mawasiliano kwa kawaida huogopa maneno asiyoyajua. Huyapigia mstari, huyatafuta kamusini, huwauliza mafundi, na mwishowe huyapatia visawe au huyatohoa. Maneno ya namna hiyo huchukua muda, lakini mara chache huleta hasara. Hasara hutoka katika maneno yanayoonekana rahisi: kitu, jina, hali, wakala, mtego. Maneno hayo kila mtu anayajua, na kwa sababu hiyo hakuna anayesimama kuyauliza. Kumbe katika nyanja ya mitandao ya kompyuta kila moja limepewa maana finyu isiyolingana na ile ya nyumbani na sokoni.

Makala haya yanakusudia kueleza dhana moja iliyo kiini cha nyanja hiyo, nayo ni ile ambayo Kiingereza huiita *managed object*. Tutaeleza dhana yenyewe ni nini, jinsi dhana za aina hiyo zinavyopangwa katika mti wa namba, na kwa nini mpango huo unamhusu mtafsiri, mwalimu wa ufundi na mtumishi wa Serikali anayeandaa hati za zabuni. Baada ya hapo tutapendekeza istilahi chache na kutoa sababu zake.

Umuhimu wa jambo hili umeongezeka. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Mkataba wa mitambo uliotafsiriwa ovyo ofisini waweza siku moja kusomwa na hakimu neno kwa neno.

2. Msimamizi na wakala

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue jengo la mfano. Ni ghorofa lililo Kariakoo, jijini Dar es Salaam: chini kuna maduka ya simu na vifaa vya umeme, juu kuna maghala na ofisi za wafanyabiashara. Chini ya ngazi kuna chumba kidogo, na ndani yake imewekwa swichi ya mtandao yenye poti 24, kila poti ikipeleka waya kwa mpangaji mmoja. Fundi anayeangalia mtandao huo hakai Kariakoo. Ofisi yake iko katikati ya jiji, Barabara ya Samora, na anahudumia majengo mengi ya namna hiyo.

Fundi huyo hawezi kukimbilia Kariakoo kila mpangaji anapolalamika. Anahitaji kuiuliza swichi yenyewe kutoka mbali: umewashwa tangu lini? Poti fulani iko hai au imekufa? Ni baiti ngapi zimeingia kwa mpangaji huyu tangu asubuhi? Makubaliano ya jinsi ya kuuliza na jinsi ya kujibu ndiyo yanayoitwa itifaki ya usimamizi wa mitandao. Itifaki iliyoenea kuliko nyingine ni ile inayojulikana kwa ufupisho wa SNMP, yaani Itifaki Sahili ya Usimamizi wa Mitandao, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 1988 na kuandikwa na Jeffrey Case, Mark Fedor, Martin Schoffstall na James Davin. Imepitia matoleo kadhaa, na toleo lake la tatu lilikamilishwa mwaka 2002.

Katika mpango wa itifaki hii kuna pande mbili. Upande wa kwanza ni msimamizi, yaani programu iliyo ofisini kwa fundi, ambayo huuliza. Upande wa pili ni wakala, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya swichi na kujibu kwa niaba yake. Neno wakala linafaa hapa, mradi msomaji akumbushwe kwamba halihusiani na wakala wa kutuma na kupokea fedha aliye nje ya duka hilo hilo. Wakala wa mtandao si mtu wala si ofisi.

3. Kisimamiwa si kifaa

Sasa tufike kwenye kiini. Anaposikia kwamba itifaki hii husimamia vitu, msomaji mwenye akili timamu atadhani vitu hivyo ni mashine: swichi, ruta, printa. Sivyo. Katika nyanja hii kitu kinachosimamiwa ni jambo moja tu linaloweza kuulizwa kuhusu mashine. Muda tangu mashine iwashwe ni kitu kimoja. Mahali ilipowekwa ni kitu kingine. Kasi ya poti ni kitu, hali ya poti ni kitu, hesabu ya baiti zilizoingia ni kitu. Swichi yenyewe, ile ya bati na waya iliyo chini ya ngazi, haimo kabisa katika orodha ya vitu hivyo. Iliyomo ni mambo yanayojulikana juu yake.

Tofauti hii ina bei. Daftari la kawaida la itifaki hii, lililotolewa katika toleo lake la pili mwezi Machi 1991, linataja mambo 22 yanayoweza kuulizwa kuhusu kila poti. Swichi yetu ya Kariakoo ina poti 24. Kwa hiyo, kwa upande wa poti peke yake, swichi moja ina majibu 528. Tuseme hati ya zabuni ya Kiingereza inataka mfumo wenye uwezo wa kusimamia vitu 10,000 vya aina hiyo, na mtafsiri akaandika "vifaa 10,000". Mkuu wa idara atasaini akiamini amenunua mfumo utakaotosha mashine zote za taasisi yake kwa miaka mingi. Kumbe swichi ya 19 ikishaunganishwa hesabu inafika 10,032, na uwezo wa mfumo umekwisha. Muuzaji hakusema uongo, wala mhasibu hakukosea hesabu. Kilichokosewa ni neno moja.

Je, tutumie neno gani? Neno "kifaa" limekwisha kukataliwa kwa sababu tuliyoitoa. Neno "kitu" peke yake ni pana mno. Katika sentensi ndefu ya mkataba humezwa na vitu vingine. Neno "shamirisho" ni la wanasarufi, na lina kazi yake huko. Tunapendekeza "kisimamiwa", wingi "visimamiwa". Neno hili limeundwa kwa njia tuliyoizoea: kwa watu tunao mtahiniwa na mwajiriwa, na kwa visivyo watu wanasarufi wametupa kitendwa. Mzizi wake unaeleweka bila mwalimu. Tena, kwa kuwa ni neno jipya, humlazimisha msomaji asimame na kuuliza maana yake badala ya kudhani anaijua.

4. Mti wa namba

Mitambo ya usimamizi hutengenezwa na makampuni mengi, nayo huuliza mashine za makampuni mengine mengi. Endapo kila mtengenezaji angekiita kisimamiwa jina lake mwenyewe, pasingekuwapo mazungumzo. Kwa hiyo kila kisimamiwa hupewa kitambulishi, yaani mfululizo wa namba zinazotenganishwa kwa nukta, ambao haufanani na mwingine wowote duniani. Tunapendelea "kitambulishi" kuliko "kitambulisho", kwa kuwa hili la pili limekwisha kuchukuliwa na kadi ambayo kila mwananchi hutakiwa kuionyesha.

Vitambulishi hivyo hupangwa mfano wa mti. Shina halina namba. Kutoka kwenye shina hutoka matawi makuu matatu: tawi 0 ni la shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, tawi 1 ni la ISO, yaani Shirika la Kimataifa la Viwango, na tawi 2 ni la mashirika hayo mawili kwa pamoja. Kila tawi hugawanyika katika matawi madogo, na kila mahali linapogawanyika tunapaita fundo, kama tusemavyo fundo la muwa. Kanuni ya mti huu ni moja: mwenye fundo ndiye mwenye mamlaka ya kugawa namba zilizo chini yake, na hahitaji ruhusa ya mtu mwingine. Kwa njia hii ofisi moja haielemewi na kazi ya kuhesabu vitu vyote vya ulimwengu, na hata hivyo namba hazigongani.

Tuchukue kitambulishi kimoja na kukisoma hatua kwa hatua:

1.3.6.1.2.1.2.2.1.8.7

Namba 1 ya kwanza ni tawi la ISO. Namba 3 ni mashirika yaliyotambuliwa na ISO. Namba 6 ni Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Namba 1 inayofuata ni intaneti. Namba 2 ni usimamizi. Namba 1 ni daftari la kawaida tulilokwisha kulitaja. Namba 2 ni kundi la poti, namba 2 tena ni jedwali la poti, na namba 1 ni mstari wa jedwali hilo. Namba 8 ni safu ya nane ya jedwali, nayo ni hali halisi ya poti. Namba 7 ya mwisho huonyesha ni poti ipi. Kwa ufupi, fundi aliye Barabara ya Samora akipeleka mfululizo huu Kariakoo, ameuliza: poti yenye faharasa ya 7 ina hali gani? Wakala akijibu 1, poti iko hai. Akijibu 2, poti imekufa.

Msomaji wa Tanzania hapaswi kuuona mpango huu kuwa mgeni. Postikodi zetu zina tarakimu tano zinazosomwa kwa utaratibu huo huo: kutoka kanda, kwenda mkoa, kwenda wilaya, hadi kata. Aliye juu hugawa, aliye chini hugawa zaidi. Katika mti wenyewe nchi yetu ina mahali pake: namba ya Tanzania katika kiwango cha kimataifa cha namba za nchi ni 834, na kwa hiyo limo fundo 2.16.834 kwa ajili yake, kama Kenya ilivyo na 404 na Uganda 800. Makampuni nayo hupewa namba zao chini ya fundo 1.3.6.1.4.1, IBM ina 2 na Cisco ina 9. Namba hizo hutolewa bila malipo kwa taasisi yoyote inayoomba, ikiwa pamoja na za kwetu.

5. Aina na halisi

Namba ya mwisho katika mfano wetu inahitaji maelezo ya pekee, maana hapo ndipo watafsiri wengi hupotea. Namba zote hadi ile 8 hutaja aina ya jambo: "hali halisi ya poti", poti yoyote, ya mashine yoyote, popote. Namba 7 hutaja jambo lenyewe katika mashine hii. Yale ya kwanza tunapendekeza yaitwe "aina ya kisimamiwa", na lile la mwisho "kisimamiwa halisi". Hati ya daftari hueleza aina 22 za poti. Swichi yetu ina visimamiwa halisi 528. Kule tulikotoa mfano wa zabuni, hesabu ilikuwa ya visimamiwa halisi, na hati nzuri yapaswa kusema hivyo waziwazi.

Iwapo jambo lina jibu moja tu katika mashine nzima, kama vile muda tangu iwashwe, namba ya mwisho huwa 0. Kwa hiyo swali la muda huo huandikwa 1.3.6.1.2.1.1.3.0. Sifuri hii haina maana ya "hakuna". Maana yake ni "ndilo pekee". Mwalimu atawaokoa wanafunzi wake na usumbufu mwingi akilieleza hili siku ya kwanza.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba faharasa ya poti haina uthabiti wa namba zilizoitangulia. Kanuni inadai faharasa isibadilike wakati mashine imo kazini. Haidai ibaki ile ile baada ya kuzimwa na kuwashwa tena. Umeme ukikatika Kariakoo na kurudi, 8 itaendelea kuwa hali halisi ya poti, lakini yawezekana 7 ikawa poti ya mpangaji mwingine. Fundi asiyejua hilo atamfungia huduma mtu aliyekwisha kulipa.

6. Jina hubadilika, namba hubaki

Kila fundo la mti lina namba na lina jina. Fundo 1.3.6.1.2.1.1.3 lina jina sysUpTime, na lile la hali halisi ya poti lina jina ifOperStatus. Je, lipi ndilo utambulisho wenyewe? Katika SNMP jibu ni namba. Mashine hazipelekeani majina. Hupelekeana namba tu. Jina limewekwa kwa ajili ya binadamu anayesoma.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaweza kulifahamu jambo hili kwa kutazama barabara zao. Njia ambayo Wajerumani waliiita kwa jina la mikesha, Waingereza wakaendelea kuiita Acacia Avenue, baada ya Uhuru ilipewa jina la Uhuru kwa Kiingereza, na baadaye ikaitwa Samora. Mtaa wa Kichwele uliopita kando ya Kariakoo ukawa Uhuru. Majina yalibadilika pamoja na dola na siasa, lakini ardhi haikuhama. Mti wa namba umepatwa na mambo hayo hayo. Shirika lililokuwa na tawi 0 liliitwa CCITT. Mwaka 1993 likabadilishwa na kuwa ITU-T. Jina la tawi likabadilika, lakini 0 ikabaki 0, na hakuna mashine hata moja iliyohitaji kurekebishwa.

Hali kadhalika, namba zaweza kuhifadhi historia ambayo majina yameisahau. Ile 6 ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani imo katika kila swali la fundi wetu, japo mfanyabiashara wa Kariakoo hana shughuli yoyote na wizara hiyo. Imo kwa sababu wizara hiyo ndiyo iliyogharimia mitandao ya awali iliyozaa intaneti. Kariakoo penyewe ni vivyo hivyo: jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza kilichopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kambi haipo, wapagazi hawapo, jina limebaki na limekuwa letu.

Kuna kanuni moja zaidi ambayo sisi tunaoshughulika na istilahi tungefaa kuiiga. Namba ikishatolewa kwa kisimamiwa kimoja, haitolewi tena kwa kingine, hata kile cha kwanza kikiachwa. Kila kisimamiwa huandikiwa hadhi yake: kinatumika, hakipendekezwi tena, au kimeachwa. Katika daftari la 1991 kundi la 3 lilitiwa alama ya kutopendekezwa tena, na mpaka leo hakuna kundi jingine lililopewa namba 3 mahali hapo. Anayesoma kumbukumbu za zamani hawezi kudanganyika. Orodha zetu za istilahi hazina ulinzi huo. Neno huondolewa katika dhana moja na kupewa nyingine, bila alama, na msomaji wa hati ya miaka ishirini iliyopita hana njia ya kujua lilikuwa na maana ipi.

Kwa mtafsiri, fundisho la sehemu hii ni jepesi. Maelezo ya kisimamiwa yatafsiriwe kwa ukamilifu na kwa Kiswahili fasaha. Namba isiguswe. Jina la asili, kama ifOperStatus, liachwe lilivyo penye namba, na kando yake liwekwe jina la Kiswahili kwa ajili ya msomaji.

7. Maneno ya kuangaliwa

*Hali iliyoamriwa na hali halisi.* Katika jedwali la poti, safu ya 7 na ya 8 hufuatana. Zote mbili hueleza kama poti iko wazi au imefungwa, na mtafsiri mwenye haraka ataziita zote "hali ya poti". Lakini safu ya 7 ni hali ambayo msimamizi ameamuru iwe. Ya 8 ni hali iliyopo. Zikisema zote mbili kwamba imefungwa, poti imefungwa kwa amri, pengine kwa deni. Ya 7 ikisema wazi na ya 8 ikisema imekufa, kuna ubovu: waya umekatwa, au kompyuta ya mpangaji imezimwa. Tofauti kati ya safu hizi mbili ndiyo tofauti kati ya kumpelekea mteja ankara na kumpelekea fundi.

*Kihesabio na kipimo.* Kihesabio huongezeka tu, hakipungui. Kikifika ukomo hurudi sifuri na kuanza upya. Kipimo hupanda na kushuka. Idadi ya watu walioingia sokoni tangu asubuhi ni kihesabio. Idadi ya watu waliomo sokoni sasa hivi ni kipimo. Kihesabio cha biti 32 hufika ukomo wake kwenye 4,294,967,295. Kikihesabu baiti katika waya wa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde uliojaa muda wote, hurudi sifuri kabla dakika sita hazijatimia. Hata muda tangu mashine iwashwe, ambao huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, hurudi sifuri baada ya siku 497. Ripoti inayosema mashine ilizimika, kumbe saa yake imezunguka tu, ni ripoti ya uongo isiyo na mwongo.

*Mbiu, si mtego.* Wakala kwa kawaida hungoja aulizwe. Lakini jambo zito likitokea, hutoa habari bila kuulizwa. Kiingereza kililiita tendo hilo kwa neno lenye maana ya mtego, na tafsiri ya "mtego" imekwisha kuonekana. Haifai, kwa maana hakuna anayenaswa. Kiswahili kina mbiu, na wahenga walikwisha kusema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hiyo ndiyo dhana yenyewe.

*Daftari, si kanzidata.* Mkusanyo wa visimamiwa vilivyofafanuliwa pamoja wengine wameuita kanzidata. Kanzidata huhifadhi majibu. Mkusanyo huu hauhifadhi majibu. Hutaja tu maswali yanayoruhusiwa, namba zake, na aina ya jibu linalotarajiwa. Jibu hupatikana mashine inapoulizwa. Ndiyo maana tumetumia neno "daftari" tangu mwanzo. Daftari la vizimba vya soko hukuambia vizimba vipo vingapi na kila kimoja ni cha bidhaa gani. Bei ya nyanya leo sharti ukamwulize mwenye kizimba.

8. Pale jina linapokuwa utambulisho

Yote tuliyosema kuhusu uhuru wa kutafsiri majina yanahusu SNMP. Tangu mwaka 2006 imekuwapo itifaki nyingine ya usimamizi, NETCONF, na tangu 2010 lugha yake ya kufafanulia visimamiwa, YANG. Huko mti upo, mamlaka ya kugawa yapo, lakini matawi hayatambulishwi kwa namba. Hutambulishwa kwa majina yaliyopangwa mfululizo, kila kundi la majina likiwa na ukoo wake ili yasigongane. Mashine hupelekeana majina hayo herufi kwa herufi. Kubadili herufi moja ni sawa na kubadili tarakimu moja katika SNMP.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa jina lolote, mtafsiri aulize kwanza: je, jina hili husomwa na binadamu tu, au na mashine pia? Likisomwa na binadamu tu, na litafsiriwe. Likisomwa na mashine, ni kitambulishi, na halitafsiriwi, hata likiwa neno la kawaida la Kiingereza ambalo kisawe chake kinajulikana hata na mtoto wa shule.

9. Istilahi zinazopendekezwa

Kisimamiwa: jambo moja linaloweza kuulizwa au kuamriwa kuhusu mashine ya mtandao.

Aina ya kisimamiwa: ufafanuzi wa jambo hilo, usiotaja mashine yoyote.

Kisimamiwa halisi: jambo hilo katika mashine fulani na mahali fulani ndani yake.

Kitambulishi: mfululizo wa namba unaotofautisha kisimamiwa na vingine vyote.

Fundo: mahali mti wa vitambulishi unapogawanyika.

Daftari la visimamiwa: mkusanyo wa visimamiwa vilivyofafanuliwa pamoja.

Msimamizi: programu inayouliza na kuamuru.

Wakala: programu iliyo ndani ya mashine, inayojibu.

Mbiu: habari itolewayo na wakala bila kuulizwa.

Hali iliyoamriwa, hali halisi: kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 7.

Kihesabio; kipimo: kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 7.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba itifaki za usimamizi wa mitandao hazisimamii mashine bali mambo yajulikanayo kuhusu mashine. Kwamba mambo hayo hupangwa katika mti ambao kila mwenye fundo hugawa kwa mamlaka yake. Na kwamba utambulisho wa jambo waweza kukaa katika namba au katika jina, kutegemea itifaki. Mtafsiri anayefahamu mambo haya matatu hatahitaji kuwa mhandisi ili atafsiri vizuri.

Istilahi zilizo hapa juu ni mapendekezo. Walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wanaozungumza juu ya mitambo hii kila siku kwa Kiswahili wanaombwa kuzijaribu katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa mahali ambapo wanalo neno lao wenyewe lililokwisha kukubalika kazini. Neno la namna hiyo, likiwa linatofautisha kifaa na kisimamiwa, lipewe nafasi mbele ya letu.